Vimondo Wanawangoja Nyundo

Jumamosi, 4 Januari 1986

Theluji mpaka magotini, na mzee wangu anataka kwenda kucheza mpira.

Si mpira wa kukimbia. Baba ana miaka sabini na tisa, moyo umechoka, anatembea na mtungi wake wa hewa kama mtu anayemvuta mbwa asiyetaka kutoka. Huu ni mpira wa mezani. Mwalimu Pettibone, aliyetufundishia watoto hesabu hapa Corley Bend mpaka akastaafu, amekusanya timu nane za besiboli za mji huu, kuanzia ya mwaka 1908 hadi ya 1971. Kila mchezaji kamtengenezea kadi. Unarusha dadu tatu, unasoma kadi, kadi inakwambia kama mpigaji amepiga au ametoka, kulingana na uwezo aliokuwa nao enzi zake. Basi marehemu wa 1908 wanaweza kumenyana na vijana wa 1971, kila Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa zimamoto, na timu ikifungwa imetoka. Watu wazima wenye wajukuu, Mungu wangu, wanagombana kwa ajili ya watu walioko makaburini.

Timu mojawapo ni Vimondo wa Mtaa wa Ridge, 1936. Hiyo ndiyo timu yetu sisi weusi, na Baba ndiye aliyekuwa mdakaji wao. Wote wamekufa, kabaki yeye. Kwa hiyo yeye ndiye kocha.

Kwa vile gazeti la mji halikuwahi kuandika mechi za Vimondo, Mwalimu alikuja jikoni kwetu kabla ya Krismasi akamwomba Baba amtajie uwezo wa kila mmoja. Nikasema moyoni, leo tutasikia sifa. Hata! Alimpa kila mtu haki yake, hata Roscoe aliyekuwa rafiki yake kipenzi akasema, "Huyo alikuwa mzito kama gunia, andika hivyo." Mwalimu akamuuliza, na wewe? Baba akasema, "Mimi wa kawaida. Usiniongezee."

Nimemwambia nitampeleka. Nimechoka, lakini nitampeleka.

Jumatatu, 6 Januari

Shule zimefunguliwa. Nimewapikia makaroni watoto mia nne, na oveni moja imekufa.

Jumamosi, 11 Januari

Vimondo wamewafunga wa 1908, pointi sita kwa moja. Mikono ya Baba inatetemeka, dadu zinaruka mezani zinaanguka, na sheria ya hawa watu ni kwamba dadu ikianguka sakafuni haihesabiwi, unarusha upya. Baada ya mara ya kumi hivi watu wakaanza kutazamana. Ikabidi nirushe mimi. Yeye anatoa amri, mimi narusha. Sijui kitu, sitaki kujua kitu, nimekaa pale na koti langu kama mtu anayesubiri basi.

Yuko mzee mmoja pale simpendi. Emil Hruska. Mtu wa miaka sitini, sauti kubwa, kijiti mdomoni. Anaiongoza timu ya Nyundo, 1936, timu ya kiwanda cha chuma, na kocha wa Nyundo enzi hizo alikuwa baba yake mzazi. Tulipokuwa tunatoka akamwambia Baba, "Mzee Tillery, mkipita tena mtatukuta sisi."

Baba akamjibu, "Tutawakuta? Kijana, nyie ndio watu wa kukutwa?"

Watu wakaacha kukusanya kadi wakatutazama. Mimi nilijua kwa nini. Nikamsukuma Baba mpaka kwenye gari.

Jumatano, 15 Januari

Miguu ya Baba imevimba. Nimemkanda. Hakuna lingine.

Jumamosi, 18 Januari

Vimondo tumeshinda tena, na Nyundo nao wameshinda. Kwa hiyo imetokea: Vimondo na Nyundo, tarehe mosi Februari.

Ngoja niandike, kwa maana Baba leo hakuzungumzia jingine, na mimi mwenyewe nilikuwepo, mtoto wa miaka minne.

Vimondo na Nyundo walikuwa wanafanya kazi kiwanda kimoja. Weupe kwenye mitambo, weusi kwenye matanuri ya makaa, pale panapobabua ngozi. Nyundo walikuwa mabingwa wa bonde zima. Vimondo wakaomba mechi. Wakakataliwa. Wakaomba tena. Mara ya tatu Josef Hruska, yule kocha, akampa Baba mkono langoni mwa kiwanda akasema haya, Septemba, Siku ya Wafanyakazi, uwanja wa kando ya mto. Mtaa mzima wa Ridge ukaenda. Wanawake walikaanga kuku tangu alfajiri. Mimi nakumbuka kuku tu na gauni langu la njano. Vimondo walivaa jezi zao zilizofuliwa na kupigwa pasi, wakapasha misuli, wakangoja. Mchana ukapita. Jua likazama. Nyundo hawakutokea, wala hawakutuma mtu kuja kusema kitu. Kesho yake kazini, kimya, kama hakuna lililopangwa.

Baba alifanya kazi pale miaka mingi baada ya hapo. Josef Hruska akampita langoni kila siku bila kumtazama usoni, mpaka akafa.

"Kwa hiyo hii ndiyo mechi," Baba kaniambia leo, mimi nikimvua viatu. "Niicheze hii, halafu huyo Mungu akiniita nitaitika."

"Baba, ni kadi."

"Najua ni kadi. Mimi si mtoto."

Jumanne, 28 Januari

Daktari kaniita pembeni. Anasema moyo unafanya kazi robo tu, na nisitegemee kiangazi. Asipandishwe hasira, asifurahishwe sana. Nikamuuliza, sasa afanye nini, akae kama kabati? Kijana wa watu akaona aibu.

Jumamosi, 1 Februari

Mechi haikuchezwa. Barabara zimefungwa kwa barafu, Mwalimu amempigia simu kila mtu.

Baba alikuwa ameshavaa kofia ya Vimondo, ile ya zamani, amekaa dirishani. Nikamwambia ni theluji, hakuna mtu anayeweza kutoka. Akaniangalia kama vile mimi ndiye mjinga.

"Hawaji," akasema.

"Baba, hata sisi hatuwezi kwenda!"

"Hawaji. Walianza lini kuja?"

Hakuivua kofia mpaka wakati wa chakula.

Jumamosi, 8 Februari

Haikuchezwa tena. Hruska ana homa. Kofia, dirisha, yale yale. "Baba yake naye alikuwa na homa siku ile, ulijua hilo?" akasema, na kicheko chake kikawa kikohozi, kikohozi kikamshika hasa.

Jumatatu, 10 Februari

Tumelala hospitali. Maji yamejaa kwenye mapafu.

Ijumaa, 14 Februari

Tumerudi nyumbani. Kapungua, shati linamning'inia. Neno la kwanza kuniuliza alipoingia mlangoni: "Mechi lini?" Nikaenda kutundika makoti. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, kwanza kwenye jiko la shule, kisha kwenye foleni ya dawa, na nikahisi nikifungua mdomo nitalia au nitamtukana baba yangu mzazi.

Jumamosi, 15 Februari

Safari hii ni tanuri la kupashia ukumbi joto. Limepasuka, ukumbi ni barafu tupu. Mechi imesogezwa mpaka Machi.

Kofia. Dirisha.

Alhamisi, 20 Februari

Leo nimefanya jambo.

Nilitoka kazini nikaenda kwa Hruska. Tangu kiwanda kilipofungwa anatengeneza mashine za kufulia kwenye gereji yake. Nilimkuta amelala chali chini ya mashine, kijiti mdomoni. Mkewe akaniletea kahawa na mkate wa mbegu nyeusi za mpopi, sikuwa nimekula tangu asubuhi, nikaula wote bila haya.

Nikamwambia waziwazi. "Bwana Hruska, baba yangu hafiki kiangazi. Hiyo mechi yenu ndiyo inayomshikilia. Naomba ashinde."

Akakaa kitako sakafuni. "Ashinde vipi, Bi Tillery? Dadu ni dadu."

"Wewe ndiye kocha. Unajua la kufanya. Kosea."

Akajifuta mafuta kwenye vidole, kimoja kimoja. Nikadhani ananitafutia jibu la jeuri, nikawa tayari nalo. Kumbe ananitafutia lingine.

"Siku ile nilikuwa na miaka kumi," akasema. "Baba alivaa jezi. Alivaa mpaka viatu vya njumu, na mama hakuwa anaruhusu viatu vile jikoni. Akakaa kwenye kiti jikoni mpaka giza likaingia, hasemi na mtu. Nikamuuliza, Baba, si leo mna mechi? Akaniambia, tukiwafunga hatupati sifa, na wakitufunga hatuwezi kurudi kazini. Basi. Alinipiga kofi nilipouliza mara ya pili."

Miaka yote nilikuwa namuona Josef Hruska anacheka mahali fulani siku ile, na bia mkononi.

"Alikuwa anaogopa," nikasema.

"Alikuwa anaogopa sana." Akatoa kile kijiti mdomoni. "Sawa. Nitakosea. Lakini mimi si mwigizaji, Bi Tillery, nakuonya."

Njiani kurudi nilijisikia mwepesi kidogo. Baba atashinda, atalala, na mimi nitalala. Sikufikiria zaidi ya hapo, na sioni haya kuandika.

Jumatano, 26 Februari

Mvua juu ya theluji. Uchafu kila mahali. Baba kala vijiko vitatu vya supu.

Jumamosi, 1 Machi

Imechezwa. Naandika jioni hii hii, mguu juu ya kiti, maana kesho nitakuwa nimeshaanza kuipamba.

Ukumbi ulijaa. Watu wa kanisani kwetu walikuja, wakakaa upande mmoja. Watu wa kina Hruska upande wa pili. Hakuna aliyewapanga. Mwalimu Pettibone amevaa tai. Baba na kofia yake, bomba la hewa puani, mimi pembeni na dadu mkononi.

"Umekuja," Baba akamwambia Hruska.

"Nimekuja, mzee."

"Haya. Tuone basi, maana debe tupu haliachi kuvuma."

Watu wakacheka, hata wa upande ule.

Zamu sita za kwanza zilikuwa mchezo kwelikweli, hata mimi nisiyejua kitu niliona. Mbili kwa mbili. Baba anaamuru kwa sauti ndogo, "Akimbie aibe kituo cha pili," "Huyu mpigaji mwache," na mimi narusha. Hruska anatoa jasho. Nikaanza kujiuliza kama amesahau tulivyokubaliana.

Zamu ya saba ndipo akakumbuka. Kadi ya mrushaji wa mpira inaandikwa ana nguvu ya zamu ngapi, na mrushaji wa Nyundo, Kowal, nguvu zake zinakwisha zamu ya sita. Baada ya hapo kila dadu inampendelea mpigaji. Na Hruska alikuwa na mwingine mzima kabisa, amekaa tu kwenye benchi, kadi yake iko pale inaonekana. Hakumgusa. Vimondo wakapiga, wakapiga tena, wakaongeza pointi tatu. Upande wetu watu wamesimama, Dada Lavinia wa kwaya anapiga makofi, wanaimba. Tano kwa mbili. Nikamtazama Baba nione furaha.

Baba alikuwa anamtazama Hruska.

"Kowal amechoka," akasema.

Hruska akazungusha kijiti. "Namwamini."

"Baba yako hakumwacha Kowal zamu ya saba hata siku moja. Nilikuwa natazama. Hatukuruhusiwa kuingia, tulitazama kwenye uzio, Jumapili zote. Zamu ya saba anamtoa, mvua inyeshe, jua liwake. Wewe unalijua hilo kuliko mimi." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Kwa nini huchezi?"

"Nacheza, mzee."

"Huchezi!" Akagonga meza, kadi zikaruka. "Baba yako alitukimbia uwanjani, na wewe umekuja kunikimbia hapa hapa, umekaa mbele yangu! Yeye angalau alibaki kwao!"

Hruska akawa mwekundu mpaka masikioni. Hakunitazama. Namshukuru kwa hilo, alijitahidi sana asinitazame, na ndiyo maana Baba akageuka akanitazama mimi.

"Nani kamwambia?"

Ningeweza kudanganya. Watu wote wale, na Mwalimu na tai yake.

"Mimi, Baba."

Nikasikia mtungi wa hewa ukipuliza.

"Umenichoka, Dessa?"

"Nimechoka," nikasema. "Nimechoka, Baba. Miguu inaniuma, sijalala tangu Krismasi, kila Jumamosi unakaa dirishani na hiyo kofia na mimi siwezi kukuletea hao watu. Siwezi! Nikataka ushinde tu. Ushinde, ulale."

Hakunikemea. Alinishika mkono, na mkono wake ukawa unautetemesha wangu na dadu zikigongana ndani yake.

"Kulala nitalala sana," akasema. "Kwa hilo usijisumbue." Kisha akamgeukia Pettibone. "Rudisha zamu ya saba. Mbili kwa mbili."

Mwalimu akakohoa. "Bwana Tillery, sheria haziruhusu. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sheria ipi inamruhusu mtu kucheza ili afungwe?"

Mwalimu akafungua kijitabu chake, akakifunga. Hruska akanyoosha mkono akazifuta zile pointi tatu kwenye ubao yeye mwenyewe, kwa kiganja, chaki ikamjaa kwenye mkono wa shati. Akamtoa Kowal. Akamweka yule mzima. Akavua koti.

"Haya, mzee," akasema. "Usije ukalia."

"Nilie mimi? Futa jasho kwanza, kijana."

Sijui nieleze vipi yaliyofuata. Yule mtu alibadilika. Alikuwa anainamia kadi kama fundi anayetafuta mahali panapovuja. Kila Baba alipompeleka mtu kituo cha pili, Hruska alishajua. Kila Hruska alipotaka kutushtukiza, Baba alishacheka. Koti langu nilikuwa nimelivua sikumbuki saa ngapi, nimesimama, narusha, na nilikuwa nataka! Nisamehewe, nilikuwa nataka tuwapige wale watu mpaka waombe maji.

Zamu ya tisa, Nyundo wakapata pointi. Tatu kwa mbili. Tukapata nafasi yetu ya mwisho. Wawili wetu wametoka, na wa tatu akitoka mechi imekwisha; wawili wako vituoni, pigo moja zuri na tunashinda. Mpigaji anayefuata kwenye orodha: Ambrose Tillery, mdakaji. Kadi ya Baba mwenyewe.

Mwalimu akanong'ona kwamba kuna mpigaji wa akiba mwenye kadi bora. Baba akamwambia, "Sijatolewa uwanjani na mtu yeyote mwaka ule, nitajitoa leo?"

Nikarusha. Mbili zikatulia mezani, ya tatu ikabingirika, ikaanguka. Watu wetu wakainama. "Sita! Ni sita!" Sita ingekuwa pigo refu, wote wawili wanafika kituo cha nyumbani, pointi mbili, mechi kwisha. Kelele zikaanza. Hruska alisimama pale na uso wa mtu aliyepigwa shoka. Alikuwa anaitaka ile mechi, nilimwona, alikuwa anaitaka kupita kiasi, na aliogopa kusema.

Baba ndiye aliyesema. "Imeanguka."

"Ambrose, jamani!" Dada Lavinia akalia.

"Imeanguka sakafuni, haihesabiwi. Dessa, rusha tena."

Nikaiokota. Nikarusha kwa upole, karibu kabisa na kadi. Zote tatu zikabaki mezani. Mwalimu akasoma, akasoma mara ya pili.

"Mpira wa juu, uwanja wa kati. Umedakwa. Ametoka."

Na Emil Hruska akaruka. Mtu wa miaka sitini, kitambi kile, aliruka juu, akapiga kelele kwa Kislovaki, akaangusha kiti, akambeba mkewe akamzungusha, akapiga ukuta kwa ngumi mbili kama mtoto. Kisha akakumbuka alipo. Akajiziba mdomo, akaja mezani taratibu, macho yamejaa machozi, akaanza kusema, "Mzee, nisamehe, sikukusudia..."

"Nyamaza," Baba akamwambia. Akampa mkono. Ilimchukua muda kuunyanyua, na Hruska hakuufuata katikati, aliungoja umfikie. Wakashikana hivyo mpaka Mwalimu akapata kazi ya kupanga viti.

Upande wetu walichukua makoti yao wakatoka. Dada Lavinia aliniambia nimpeleke mzee nyumbani haraka, msiba usije ukatukuta ukumbini. Nami niliogopa. Nilimfunga mkanda, nikawasha hita, nikasikiliza anavyopumua. Tumepita daraja, tumepita kiwanda, lango limefungwa kwa mnyororo, na hajasema neno. Nikadhani nimemuua, kwa kumwombea ushindi kwanza na kwa kumrushia mpira ukadakwa baadaye.

"Baba, unaumwa?"

Akageuza kichwa. Uso wake! Sijauona uso ule tangu mama yangu yuko hai.

"Umemwona alivyoruka?"

"Nimemwona."

"Alimwangusha mtu na kiti."

"Hakumwangusha mtu, Baba. Kiti tu."

"Aliruka hivi!" Akajaribu kunyanyua mikono, mkanda ukamzuia. "Mtu wa Nyundo, Dessa. Miaka hamsini nangoja mtu wa Nyundo afurahi hivyo kutufunga sisi."

Akaanza kucheka. Nikamwambia atunze pumzi, daktari amesema. Hakunisikiliza.